MISHUMAA KWENYE KONA YA JUA

Mazungumzo ya mama mlezi wa bustani ya chama, siku ya kutimiza miaka 10, Reading, Uingereza, Septemba 2025



Awali ya yote namshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha siku hii tukiwa wazima. Wapo tulioanza nao mwaka 2015 ambao leo hatunao, Mungu awarehemu. Pili naishukuru kamati ya sherehe kwa kunipa dakika ishirini, ingawa nadhani wamenipa baada ya kukosa mtu mwingine. Binti yetu pale nyuma anawatafsiria majirani. Mwanangu, nikienda mbio niinulie mkono.

Wenzangu wameshazungumza juu ya hisa, mikopo na mfuko wa msiba. Mie nimeambiwa nizungumze juu ya maua yale marefu ya manjano kwenye kona ya jua, ambayo wageni hutuuliza kila mwaka. Waingereza huyaita maleni. Jina la kitaalamu ni Verbascum. Wajerumani huuita mmea huu mshumaa wa mfalme, na sisi tukachukua mshumaa tukamwachia mfalme wake. Basi nikisema mshumaa au mishumaa, mjue nasema mmea.

Mie si mtu wa hesabu, na wanachama wote wanajua kwa nini. (Vicheko.) Wageni hawajui, basi nitawaeleza, maana bila kisa hicho hamtafahamu kitu.

Mwaka 2018 tulipata kishamba cha kukodi, nusu ya kile cha kawaida. Mbele udongo ni mzuri, mboga zilikubali: sukuma wiki, maboga kwa ajili ya majani, maharage, vitunguu. Lakini mwisho kabisa, penye ukuta wa matofali, ardhi ni changarawe tupu. Jua linapiga pale tangu asubuhi mpaka jioni na ukuta unarudisha joto. Tulipanda mchicha, ukatoa mbegu ukiwa urefu wa kidole. Tukapanda bamia, zikagoma. Pakabaki uwanda.

Mwezi Mei 2019 nilikwenda duka la miche nikaiona mishumaa ya bustani, ile ya maua ya zambarau na ya rangi ya shaba, imechanua kwenye makopo. Jamani, ilikuwa mizuri. Kibao kilisema inapenda jua. Nikanunua miche 12, pauni 7 kila mmoja, jumla pauni 84, kwa fedha za mfuko wa bustani, bila kumuuliza mtu. Nikaipeleka kwenye kona ile nikaifanyia kila lililo jema. Nikachimba mashimo, nikajaza samadi ya farasi. Nikamwagilia asubuhi na jioni kama mchicha. Ikanenepa. Majani yakawa makubwa na laini, mashina yakarefuka kuliko kiasi, upepo wa Agosti ukayalaza chini, nikayafunga vijiti. Nilijiona bingwa.

Kisha ikaja baridi, na mvua. Februari 2020 nchi hii iliandika rekodi ya mvua kwa mwezi huo. Mashimo yangu ya samadi yakawa sinia za maji. Nilipokwenda kutazama, miche tisa ilikuwa imeoza shingoni. Ukiishika inabaki mkononi mwako, na harufu yake sisemi mbele ya chakula. Kikao cha mwanzo wa Machi 2020, cha mwisho kabla ya korona kutufungia ndani, Mama Mweka Hazina alisimama akasoma: pauni 84, hai mitatu. Katiba ya chama inasema mwanachama akitumia fedha bila idhini atazirudisha na faini juu. Nilizirudisha. Sikufurahi, nanyi mnajua tulikaa wiki ngapi hatusemezani, yeye na mie, na nyumba zetu zinatazamana.

Sasa sikilizeni kilichotokea. Wakati wa kufungiwa, kwenda shamba kuliruhusiwa, nami nilikuwa naenda peke yangu. Katikati ya njia ya kokoto, mahali tunapokanyaga, palikuwa na mmea uliojiotea. Majani yamelala chini duara kama ungo, ya kijivu, yana manyoya kama blanketi la mtoto. Hakuna aliyeupanda, hakuna aliyeumwagilia. Ulikuwa mshumaa wa porini, Verbascum thapsus, dada wa ile niliyoilipia. Mwaka ule ukakaa hivyo hivyo chini, Mama Katibu akasema ni gugu ling'olewe. Nikamwambia liache, kwani linakula nini? Mwaka 2021 likasimama mita mbili.

Na mwaka huo huo tulipata barua. Ofisi inayohusika ilikuwa imepita kukagua, ikaona kona yetu haikulimwa, ikatupa mwezi mmoja tuilime au kishamba chote kipewe mtu mwingine aliye kwenye foleni. Walikuwa na haki yao. Lakini fikirini, akina mama. Pale ndipo tunapokutana kiangazi, ndipo watoto wetu walipojifunza kuchuma kisamvu cha bandia, yaani majani ya maboga. Tungepoteza sukuma wiki na maboga kwa sababu ya kona moja tu. Kikao kikakaa kwa simu, kila mtu na wazo lake. Mmoja anasema tumwage saruji. Mmoja anasema tununue udongo mpya, lori zima. Mie nilinyamaza, maana faini ilikuwa bado inaniuma. Aliyesema tuongeze mishumaa ya kokoto ni Mama Mweka Hazina mwenyewe. Alisema, na nimeyaandika maneno yake: "Ule wa bure umeishi. Tufuate ule wa bure."

Basi haya ndiyo niliyojifunza tangu siku ile.

Kwanza, jua. Wengi wetu tumetoka mahali ambapo jua ni la kukimbiwa. Kwetu Tanga ukimwambia mtu kiwanja chako kina jua kutwa atakupa pole na kukuuliza kwa nini hupandi mwarobaini. Saa sita mchana jua liko utosini au karibu yake, na kila upande wa nyumba unapata zamu. Hapa sivyo. Hapa jua liko kusini. Hata tarehe 21 Juni halifiki utosini, na Desemba linapita chini kabisa, nyuzi 15 tu juu ya upeo saa za mchana. Kwa hiyo hapa bustani ya jua maana yake ni mahali panapotazama kusini pasipo na nyumba wala mti mbele yake. Dada zangu mnaoishi ghorofani au wenye ua nyuma ya nyumba, simameni uani saa sita mchana mtazame kivuli chenu. Kivuli kinakwenda kaskazini. Ukuta ule ambao kivuli chako kinauelekea, ndio ukuta wa jua. Mshumaa mpe pale, angalau saa sita za jua kila siku wakati wa kiangazi. Kivulini utaishi kwa kuinama tu, ukilitafuta jua.

Pili, udongo. Na hapa ndipo penye kazi, maana sisi tumelelewa kwamba kupenda mmea ni kuulisha. Mshumaa hautaki kulishwa. Unataka udongo maskini unaopitisha maji: changarawe, mchanga, chokaa. Baridi ya Uingereza haiui mshumaa. Kinachoua ni maji kusimama kwenye shingo yake wakati wa baridi. Kama udongo wenu ni mfinyanzi, inueni tuta, changanyeni kokoto nyingi, na juu mwage kokoto nyingine kuzunguka shingo. Samadi wekeni kwenye maboga. Mboji vilevile. Ukiushibisha unafanya kama ile yangu: mrefu, mlegevu, wa kufungwa vijiti.

Tatu, maji. Mwagilia siku unayopanda, na wiki mbili tatu za mwanzo kama hakuna mvua. Baada ya hapo weka ndoo chini. Una mzizi mkuu unaokwenda chini kutafuta mwenyewe, na ukiumwagilia kila siku mzizi huo unakuwa mvivu. Mnakumbuka Julai 2022. Tarehe 19 mwezi huo kipimo kilifika nyuzi 40.3 huko Coningsby, Lincolnshire, joto ambalo nchi hii haijawahi kuandika kabla yake. Agosti tukapigwa marufuku mipira ya maji, sisi na sehemu nyingine za kusini. Sukuma wiki zikawa kamba. Majirani wakabeba makopo mpaka migongo ikauma. Ile mishumaa 17 ya kona ya jua haikupata hata tone letu, ikachanua mpaka mwisho wa mwezi. Jirani yetu mmoja, mzee yule wa kofia ya majani, alikuja na kiti chake akakaa akaitazama. Mwaka huu 2025 mambo yakarudi yale yale, marufuku tangu Julai, na mishumaa haina habari.

Nne, na hili linawashinda wengi: ni miaka miwili. Ukipanda mbegu leo, mwaka wa kwanza hupati ua. Unapata ungo wa majani ya manyoya chini, basi. Unalala hivyo baridi yote. Mwaka wa pili, kuanzia Juni, unatoa mnara. Maua hayachanui yote pamoja. Machache huku, machache kule, kila ua siku yake moja tu, asubuhi liko wazi, alasiri linajifunga. Lakini mnara mmoja unaendelea hivyo wiki nyingi. Kisha unatoa mbegu na kufa. Usiulilie wala usidhani umekosea, ndivyo ulivyoumbwa. Mama Mweka Hazina, nakuona unangoja niseme ni kama akiba. Sisemi. (Vicheko.)

Ili uwe na maua kila mwaka, panda miaka miwili mfululizo. Wa mwaka huu ukilala, wa mwaka jana unasimama. Baada ya hapo wenyewe watapishana.

Mbegu ni ndogo kama unga wa tumbaku. Zipande Mei au Juni, na usizifukie. Zinataka kuona mwanga ndipo ziote. Zimwage juu ya mchanga uliolowa, ubonyeze kwa kiganja, basi. Wiki mbili hadi tatu utaona vichipukizi. Hamisha ukiwa na majani manne matano, kabla mzizi mkuu haujarefuka. Ukichelewa utaukata mzizi, na mshumaa hausamehe. Kati ya mche na mche acha nusu mita au zaidi, usidanganywe na udogo wake.

Wasiotaka wa porini wapo wa bustani, na wengine huishi zaidi ya miaka miwili. Verbascum chaixii mweupe mwenye jicho la zambarau ndiye ninayempenda, mpole, hakui kupita kiasi, na mbegu zake zinaota. Wa zambarau ni Verbascum phoeniceum. Wa fedha, ambao majani yake yamefunikwa manyoya meupe kabisa, ametoka Uturuki, anaitwa bombyciferum, na huyo ukimwekea maji ya baridi ya mwaka ndiye wa kwanza kuoza. Ile ya rangi ya shaba niliyonunua mimi haizai mbegu. Inaongezwa kwa kukata vipande vya mizizi wakati wa baridi, urefu wa kidole, unavilaza kwenye mchanga. Mmoja kati ya wale watatu waliopona ametupa watoto sita kwa njia hiyo. Kwa hiyo pauni 84 zinarudi polepole. Naomba iandikwe kwenye kumbukumbu.

Adui ni mmoja wa kuzungumziwa, nondo. Anataga, na kuanzia Mei hadi Julai utaona viwavi vyeupe vyenye madoa meusi na manjano, vinakula majani mpaka yanabaki mifupa. Sisi hatupulizi dawa. Ikiwa michanga tunavitoa kwa mkono, na mikubwa tunaiachia, maana inapona. Wajukuu wangu wamevizoea, vinawatia raha kuliko maua. Kwa upande wa marafiki, tazameni nyuki mmoja mnene mwenye madoa ya manjano ubavuni, anakuja kuyanyoa yale manyoya ya majani, anayaviringisha kuwa donge na kuondoka nalo kwenda kujengea. Nimekaa saa nzima nikimtazama, chai ikapoa.

Sasa nisikilizeni vizuri, hasa wanaopenda dawa za majani. Ni kweli watu wa Ulaya zamani walichemsha majani ya mshumaa kwa kikohozi. Na ni kweli mwaka juzi mwenzetu mmoja, ambaye simtaji na mwenyewe anacheka hapo, alitaka kufanya hivyo, akachuma majani laini yenye manyoya kwenye kishamba cha jirani, akaniletea nimthibitishie. Hayakuwa mshumaa. Yalikuwa Digitalis, yule mwenye maua kama vidole vya glavu. Huyo naye mwaka wa kwanza hulala chini duara, naye ana manyoya, naye ni wa miaka miwili. Lakini ndani yake mna sumu ya moyo. Ndiyo asili ya dawa ya moyo inayopimwa hospitali kwa vipimo vidogo sana. Kikombe kimoja kingeweza kutufanya tufungue mfuko wa msiba. Majani ya mshumaa ni mazito kama blanketi, manyoya juu na chini, na chini yake hayana ule wavu wa mishipa iliyotokeza kama ya Digitalis. Lakini mie sitaki mjifunze kutofautisha ili mnywe. Nataka msinywe. Hata manyoya ya mshumaa wenyewe yanawasha koo. Ukikohoa, nenda kwa daktari.

Mbegu zake nazo si chakula. Wavuvi wa zamani wa Ulaya walizisaga wakazitupa kwenye vijito ili samaki walegee. Tuliozaliwa pwani tukasema, kumbe, huu ni utupa! Na kama utupa, haufai mtoni.

Jambo la mwisho ni hizo mbegu. Mwaka 1879 huko Michigan, Marekani, mwalimu wa mimea aitwaye William Beal alijaza chupa 20 mchanga na mbegu, akazifukia, ili ijulikane mbegu huishi muda gani ardhini. Chupa moja ilifukuliwa Aprili 2021, usiku, ili mwanga usiziguse mbegu kabla ya wakati. Ilikuwa imekaa miaka 142. Zilizoota zilikuwa za jamaa ya mshumaa. Nyingine itafukuliwa 2040 na ya mwisho mwaka 2100. Na mmea mmoja mkubwa unaweza kutoa mbegu zaidi ya laki moja. Kwa hiyo ukiacha mnara ukauke uani kwako, umeamua na kwa niaba ya wajukuu. Mie hukata minara yote mara maua yakiisha, nabakiza mmoja wa mbegu.

Ndiyo maana nawaomba sana, na hili nalisema kwa uchungu: mbegu hizi zisipande ndege. Najua mtu keshafikiria Lushoto, keshafikiria Limuru, pale penye baridi zingependeza. Hawaii zilifika, zikapanda mpaka miteremko ya juu ya milima ya volkano, na leo wanahangaika kuzing'oa. Mbegu kuingia nchi nyingine zinahitaji kibali cha afya ya mimea, nasi hatuna kibali wala hatukitafuti. Kwetu kuna asumini, kuna mrehani, kuna mlangilangi. Vinatosha.

Bahasha ziko mezani karibu na chai. Kila moja ina mbegu chache, mnionavyo ni bahili. Panda Mei ijayo, maua ni 2027, kwa hiyo 2026 msinipigie simu kuniuliza yako wapi. Mchango ni pauni moja, unaingia mfuko wa msiba. Risiti anaandika Mama Mweka Hazina mwenyewe, si mie.